Shajara ya Mradi wa Prepo: Kidato cha Sita, Julai hadi Mei

Julai, wiki ya 1

Mradi ni kupanga upya saa mbili za prepo ya usiku, yaani muda wa kujisomea, kwa wanafunzi 60 wa kidato cha sita, katika shule ya sekondari iliyo nje kidogo ya Jiji la Dodoma, yenye bweni na wanafunzi wa kutwa. Tahasusi, yaani michepuo ya masomo matatu matatu, ni tatu: PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza). Kazi inaanza shule inapofunguliwa na kuishia mtihani wa taifa mwezi Mei.

Kinachopimwa kwanza ni kitu kimoja: dakika zinazopita tangu kengele ya saa 1:30 usiku hadi kalamu iguse karatasi kwa kazi yenyewe. Mwalimu wa zamu anakaa nyuma ya darasa na saa na daftari, Jumatatu hadi Ijumaa, bila kusema neno.

Kwa wengi inapita robo saa, kwa baadhi inazidi. Mwanafunzi anaingia, anapanga vitabu vinne juu ya dawati, anafungua cha Fizikia, anakiacha, anachukua desa (notsi) la Kemia, anaazima rula, anamuuliza jirani, "We leo unapiga nini?" Ukimtazama kwa mbali utasema mvivu. Si mvivu, anatafuta pa kuanzia. Akishapata, mara nyingi anarudi kwenye topiki anayoipenda, aliyokwisha kuisoma mara tano, kwa kuwa huko hakumuumizi kichwa.

Mradi mzima umeegemea hapo. Umakini wa hawa vijana unavuja kabla kitabu hakijafunguliwa, kwa hiyo swali la usiku lazima liwe limeshachaguliwa kabla kengele haijalia.

Julai, wiki ya 2 na 3

Ratiba za rangi walizojichorea wanafunzi zimekusanywa na kusomwa. Nyingi zina vipindi vitatu au vinne kila usiku, Jumapili ikiwemo, na hazina nafasi ya kufua, kuchota maji wala kuumwa kichwa. Ratiba ya namna hiyo hufa Jumatano. Mwanafunzi akikosa kipindi kimoja anahesabu kwamba ameshachelewa, anatupa yote, na wiki inayofuata anachora nyingine nzuri zaidi.

Iliyowekwa badala yake ni vipindi 10 kwa wiki: viwili kila usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, dakika 50 kila kimoja, na mapumziko ya dakika 20 katikati. Kila somo la tahasusi linapata vipindi 3, jumla 9. Cha kumi ni cha GS (General Studies), na wenye BAM (hisabati ya msingi) wanapokezana wiki hii GS, wiki ijayo BAM. Jumamosi asubuhi ni karatasi moja ya mtihani ya saa 3, mwanzo hadi mwisho. Jumapili hakuna kusoma hadi saa 10 jioni, hapo kila mmoja anakaa nusu saa kuandika vikaratasi vya wiki.

Kikaratasi ni robo ya A4. Kinabeba vitu vitatu tu: somo, kazi kamili, na kifaa kinachohitajika. Kazi kamili maana yake ni swali lenye namba. "Kusoma kemia ya oganiki" kinarudishwa kwa mwenyewe. "Kemia 1, karatasi ya mwaka fulani, swali la 6 (a) hadi (c), bila kutazama daftari" kinapokelewa. Rimu moja yenye karatasi 500 inatoa vikaratasi 2,000. Wanafunzi 60 wanatumia 600 kwa wiki, kwa hiyo rimu haifiki mwezi. Tumehamia kwenye migongo ya mitihani ya zamani ya vidato vya chini, na gharama imekwisha.

Tulipoachia waandike vikaratasi usiku uleule wa prepo, vilijaa topiki rahisi. Aliyechoka huchagua mteremko. Ndiyo maana vinaandikwa Jumapili jioni, mtu akiwa ameshiba na amelala.

Jambo dogo lililotusumbua: upepo. Julai ya Dodoma haina mchezo, na madirisha ya nyuma hayana vioo. Kila dawati sasa lina kijiwe cha kuzuia karatasi.

Agosti, wiki ya 1

Mpangilio wa ndani ya dakika 50 umetulia hivi. Dakika 5 za kwanza mwanafunzi anaandika kwenye karatasi tupu kila anachokumbuka kuhusu topiki ya kikaratasi, vitabu vyote vikiwa vimefungwa. Dakika 35 anasolvu. Dakika 10 za mwisho anajisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine.

Zile dakika 5 zilipingwa sana. Wanafunzi walisema ni kupoteza muda, bora kusoma desa kwanza. Tukawaeleza jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la mwaka 2006 huko Marekani: wanafunzi walisoma kifungu, wengine wakakirudia kukisoma, wengine wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5 tu, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki, waliojipima waliwapita mbali. Kurudia kusoma kunakupa hisia ya kuelewa usiku huohuo, na hisia hiyo ndiyo inayowadanganya wengi hadi chumba cha mtihani.

Agosti, wiki ya 3: daftari la makosa

Kila mwanafunzi ana daftari moja la kurasa 96, la masomo yote. Ukurasa wa kushoto una swali lililokosewa. Ukurasa wa kulia una jibu sahihi, sababu ya kosa kwa herufi moja, na tarehe tatu za kurudia: siku ya 2, ya 7 na ya 21. Herufi ni nne. D ni dhana haijaeleweka, H ni hesabu au kikokotoo, S ni kusoma swali vibaya, M ni muda kuisha.

Mfano mmoja toka daftari la PCM unaonyesha kwa nini herufi ni muhimu kuliko jibu. Swali: kitu kimerushwa kwa kasi ya 20 m/s kwa pembe ya digrii 30, tafuta muda wa kukaa hewani, g ikiwa 9.8. Fomula imeandikwa sawasawa: mara mbili ya kasi, mara sin ya pembe, gawa kwa g. Jibu la mwanafunzi ni sekunde 4.03, na jibu sahihi ni 2.04. Aliweka alama D na kupanga kurudia topiki nzima ya projektaili, vipindi vitatu. Mwalimu alipomwambia abonyeze tena mbele yake, kikokotoo kilitoa -4.03. Kilikuwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya digrii. Muda hauwezi kuwa hasi, naye alikuwa amefuta ile alama ya kutoa akidhani ameteleza kidole. Hilo ni H, tiba yake ni sekunde tatu za kutazama juu ya kioo kama kimeandikwa DEG (digrii), na vile vipindi vitatu vikaenda kwenye mada ambayo kweli haijui.

Kinachoharibika: daftari linageuka pambo. Wanafunzi nadhifu wananakili majibu sahihi kwa wino wa rangi mbili na hawarudi tena. Mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba kusahau kunaenda kasi mwanzoni kisha kunapungua, kwa hiyo bila ile siku ya 2 daftari ni mapambo tu. Sasa kikaratasi cha kwanza cha kila somo kwa wiki ni lazima kitoke kwenye daftari la makosa, ukurasa wa kulia ukiwa umekunjwa usionekane.

Septemba

HGL wamelalamika, na wana haki. Mpango ulitungwa na watu wa sayansi. Historia haina "swali la 6 (c)" la kumaliza kwa dakika kumi, na mtu akiandika insha nzima kila kipindi mkono unakufa na hoja zinabaki zilezile.

Marekebisho: katika karatasi ya saa 3 yenye alama 100, insha ya alama 20 ina dakika 36. Kwa hiyo kikaratasi cha HGL kinataka mifupa ya insha mbili kwa kipindi, dakika 12 kila moja: utangulizi wa sentensi mbili, hoja sita, na mbele ya kila hoja mfano wenye mahali na mwaka. Dakika 11 zinazobaki kwenye zile 35 ni za kukuza hoja moja tu kuwa aya kamili. Kasoro inayojirudia ni hoja bila mfano: "ukoloni uliharibu uchumi" halafu nukta. Mwanafunzi anayetoka Kongwa ana mfano mlangoni kwake, ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuachwa 1951, lakini hauandiki kwa sababu anadhani mifano ni ya vitabuni.

Diskasheni nazo zimepunguzwa hadi watu wanne. Kundi la wanane lina wasemaji wawili na wasikilizaji sita. Sharti la kuingia ni jaribio lililoandikwa, hata kama limeishia katikati. Anayekuja mikono mitupu anarudi dawatini kwake, bila ugomvi.

Kwa wa kutwa, tatizo ni simu. Bweni haziruhusiwi, ila wa Nkuhungu au Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, anasoma nyumbani simu ikiwa kando ya daftari, na anasema anaitumia kwa pasti pepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita. Mzazi ameombwa kitu kimoja tu: kuanzia saa 1:30 hadi 3:30 usiku simu ikae kwake, imezimwa. Pasti pepa zinachapishwa shuleni Ijumaa. Wazazi wawili walichukua simu moja kwa moja, na vijana wao wakaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Tumewapigia tukawaomba warudi kwenye saa mbili zilizokubaliwa.

Oktoba

Joto. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, darasa lenye bati bila dari halifai saa 8 mchana. Kipindi cha mchana baada ya ugali tumekifanya cha kusahihishana na kuchora michoro. Kazi ngumu imehamia asubuhi.

Umeme ukikatika prepo ilikuwa inakufa. Sasa kuna sola ndogo: taa 6 za wati 5, yaani wati 30. Kwa saa 4 zinakula wati-saa 120. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 inabeba 240, na kwa kuwa betri ya asidi hufa haraka ikinyonywa chini ya nusu, hesabu inaenea kwa usiku mmoja. Paneli ni ya wati 50. Wiki ya pili taa zilianza kufifia saa 3, na fundi alipoitwa hakubadilisha kitu, alipanda na kitambaa chenye maji. Vumbi. Kiranja wa mazingira anaifuta paneli kila Jumatano na Jumamosi, asubuhi kioo kikiwa bado cha baridi.

Novemba

Kidato cha nne wako kwenye mtihani wao wa taifa, vyumba vimechukuliwa, prepo imehamia bwaloni. Kelele za masufuria hadi saa 2. Tumesogeza mwanzo hadi saa 2:00 na kufupisha vipindi kuwa dakika 40. Hakuna la ziada, wiki hizi ni za kuvuka tu.

Jambo zito la mwezi huu ni usingizi. Kundi la PCB lilikuwa likiamka saa 9 usiku "kupiga msuli", miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ili wasisinzie. Hao ndio waliokuwa na S nyingi kwenye madaftari ya makosa: swali linasema "isipokuwa", wao wanajibu kinyume. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa pendekezo mwaka 2016 kwamba umri wa miaka 13 hadi 18 unahitaji saa 8 hadi 10. Usingizi pia ndio muda ambao ubongo unatuliza ulichokipokea mchana, kwa hiyo anayekesha anachota maji kwa ndoo iliyotoboka.

Uamuzi: taa zinazimwa saa 4:00 usiku, kengele ya kuamka ni saa 12:00 asubuhi. Prepo ya alfajiri imefutwa. Si walimu wote waliokubali, maana sura ya mwanafunzi anayekesha inapendeza kuitazama. Tumekubaliana kujaribu hadi mock, mtihani wa majaribio, kisha tuhesabu zile S.

Desemba, likizo

Mvua imeanza, na Dodoma ina msimu mmoja tu. Anayekwenda Bahi anakuta mpunga, wa Kongwa mahindi, wa Chamwino mtama na uwele. Palizi haisubiri mtihani, na familia isipopalilia sasa haina chakula mwakani. Kumpa kijana mzigo wa pasti pepa 40 ni kumfanya achague kati ya shule na wazazi, na atarudi Januari na karatasi safi na dhamiri chafu.

Kwa hiyo bahasha ina vikaratasi 20 tu, kimoja kwa siku, saa moja kabla ya kwenda shamba. Kumi ni vya kurudia makosa ya zamani. Hakuna mada mpya.

Januari vilirudi vingi vimefanywa, japo vina udongo. Wasiofanya walikuwa hasa waliobaki mjini, ambao siku yao haina saa ya kuanzia. Mwakani hao wafunguliwe darasa moja asubuhi.

Januari na Februari: kuelekea mock

Sasa kinachofanyiwa kazi ni muda. Karatasi ya kwanza ya Fizikia ina maswali 7 ya lazima yenye alama 10 kila moja, kisha unachagua 2 kati ya 3 yenye alama 15 kila moja. Saa 3 ni dakika 180. Toa 15 za kusoma na kupitia, zinabaki 165, yaani dakika 1.65 kwa alama. Swali la alama 10 lina dakika 16 na nusu, la 15 lina karibu 25. Namba hizo zimeandikwa juu ya kila karatasi ya Jumamosi.

Linaloua alama ni swali moja linalokwama. Mwanafunzi anatumia dakika 40 kwenye (b) moja kwa sababu "nilikuwa nakaribia", na mwishoni maswali mawili rahisi hayajaguswa. Kanuni: dakika 17 zikitimia, acha nusu ukurasa wazi, nenda mbele. Mwalimu wa zamu anagonga meza kila dakika 17 kwa Jumamosi tatu za kwanza, baada ya hapo anaacha ili wajizoeze kutazama saa wenyewe. Mara ya kwanza kugonga kulipoachwa, wengi walirudi palepale. Ilichukua Jumamosi mbili zaidi.

Ramadhani mwaka huu imeangukia kipindi cha mock. Kwa waliofunga, kipindi cha kwanza kimeanza baada ya futari na tarawehe, na baadhi ya vile vya pili vimehamia Jumamosi. Vipindi vyao vimepungua kuwa 7, na hakuna aliyeambiwa afidie.

Machi: baada ya mock

Matokeo yakitoka, umakini unaporomoka kwa wiki nzima, kwa waliofaulu na waliofeli sawasawa. Kila mwanafunzi amekaa na mwalimu dakika 10, mezani kuna namba tu.

Hesabu inayofanyika ni ya umbali hadi daraja linalofuata. Madaraja ya kidato cha sita: A kuanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, S 35. Pointi za divisheni: A ni 1, B 2, na kuendelea hadi F 7, kwa masomo matatu ya tahasusi. Divisheni ya kwanza ni pointi 3 hadi 9, ya pili 10 hadi 12. Chukua mwenye Jiografia 68, Historia 61 na Kiingereza 48: C, C, E, pointi 11. Alama 2 za Jiografia zinampa B, alama 2 za Kiingereza zinampa D, anafika 9. Alama nne tu. Aliyekuwa amekata tamaa alitoka na vikaratasi viwili vyenye majina ya mada, akaanza usiku uleule.

Tumegundua pia mkanganyiko: kwa divisheni pointi ndogo ndiyo nzuri, lakini kwa kudahiliwa chuo kikuu Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inahesabu kinyume, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kima cha chini ni jumla ya 4.0 kwa masomo mawili. Kuna waliokuwa wakijumlisha kwa mizani moja na kulinganisha na nyingine, wakalia bure. Mizani zote mbili zimebandikwa ukutani kando kwa kando.

Aprili

Mwizi mpya: tetesi za mtihani uliovuja. Kipindi kizima kinaliwa na kunong'onezana nani anao. Tumewaambia wazi kwamba Baraza la Mitihani (NECTA) hufuta matokeo ya udanganyifu, na kwamba anayesubiri karatasi ya wizi ameshaacha kusolvu, hivyo amepoteza hata kama karatasi ni ya kweli. Hadithi za JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) nazo zimepamba moto. Hizo tumeziachia mapumziko ya dakika 20, ni halali yao.

Hesabu ya S za kusoma swali vibaya iliyoahidiwa Novemba imefanyika kwa kundi lililokuwa likikesha. Zimepungua kwa karibu wote, na waliobaki nazo ni wawili wanaosoma maswali kwa kasi hata mchana. Kwao sharti ni kupiga mstari chini ya kitenzi cha swali kabla ya kuandika chochote. Prepo ya alfajiri haitarudi.

Vipindi vinashuka: wiki ya kwanza 10, ya pili 8, ya tatu 6. Mada mpya zimefungwa. Kilichobaki ni daftari la makosa, zile kurasa za kulia zilizokunjwa.

Mei, Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani

Vikaratasi havikuandikwa leo. Kila mmoja ameonyesha kalamu mbili za wino, penseli, rula, kikokotoo kisichopangiwa programu, betri yake imejaribiwa, na kwenye kioo kimeandikwa DEG. Namba za mtihani zimeandikwa na kurudiwa kwa sauti. Taa saa 4:00 kama kawaida.

Vijiwe 60 vimekusanywa kwenye ndoo na kupelekwa darasa la kidato cha tano, pamoja na bunda la karatasi zenye migongo mitupu. Wataanza Jumapili ijayo saa 10 jioni, na saa ya ukutani tayari imebandikwa nyuma ya darasa lao kwa ajili ya kupima zile dakika za mwanzo.